Okestra Isiyokataa

Mwaka 1871 chuo cha muziki cha St Petersburg kilimpa uprofesa ofisa wa jeshi la wanamaji mwenye umri wa miaka 27, Nikolai Rimsky-Korsakov. Alikuwa ameshatunga kazi zilizosifiwa, lakini nadharia hakuipitia darasani. Katika kumbukumbu zake alieleza bila kuona haya kwamba alilazimika kujifunza kimyakimya yaleyale aliyoajiriwa kuyafundisha, akiwatangulia wanafunzi wake kwa hatua chache. Mwaka 1873 akateuliwa mkaguzi wa bendi za wanamaji. Mkaguzi mwingine angeridhika kusaini karatasi. Yeye alichukua tromboni, klarineti na filimbi, akajifungia nazo, akazipuliza mpaka akajua kidole kinakwama wapi na pumzi inakatika lini. Majirani tuwaonee huruma.

Leo anayetaka kutunga muziki wa okestra huanzia upande mwingine kabisa. Ana kompyuta mpakato, kinanda kidogo cha kuchomeka kwa USB, programu ya kurekodia na maktaba ya sauti aliyoipakua. Usiku huohuo anaweza kuamuru fidla thelathini, selo, matarumbeta na ngoma kubwa, na zote zikaitika. Hakuna anayechelewa mazoezini, hakuna anayedai nauli. Wala hakuna anayeshusha upinde wake na kusema: mwalimu, hapa hapapigiki.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Okestra ya watu humfundisha mtunzi kwa kumkatalia. Mpiga filimbi akiishiwa pumzi, mtunzi anajua sentensi yake ni ndefu mno. Mpiga fidla akiruka noti, mtunzi anajua vidole vya binadamu havifiki hapo. Kompyuta haikatai kitu, na kwa sababu haikatai, mwanafunzi anaweza kukaa nayo miaka akiwa hodari wa programu bila kuijua okestra. Kazi kubwa ya anayejifunzia kwenye kompyuta ni kuzirudisha mwenyewe pingamizi ambazo mashine imeziondoa. Mengine, yaani kitufe kipi kinafanya nini, yanafundishika kwa wiki chache.

Zamani mashine nazo zilikuwa na ukaidi wao. Wendy Carlos alipotoa Switched-On Bach mwaka 1968, sintesaiza ya Moog aliyoitumia iliweza kutoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Kila sauti ya Bach aliirekodi peke yake kwenye utepe, kisha nyingine juu yake, huku mtambo ukipoteza tuni kila mara. Ilikuwa kazi ya kuchosha, ila iliziba njia ya mkato: haikuwezekana kubandika kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa mikono miwili ukaiita okestra. Ilikubidi ujue kila sauti inatoka wapi na inaelekea wapi. Mjapani Isao Tomita akafuata mwaka 1974 na Debussy wake, naye kwa njia hiyohiyo ya kupanga tabaka juu ya tabaka. Wala hakuna kati yao aliyetaka msikilizaji aamini kwamba kuna fidla chumbani. Walitaka asikie Bach na Debussy wakisemwa na umeme.

Ukoo mwingine ulitaka fidla yenyewe. Mellotron, iliyoanza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1963, iliweka chini ya kila kitufe kipande cha utepe chenye sauti ya mpigaji halisi. Ukibonyeza, utepe unapita. Baada ya sekunde nane hivi unaisha na noti inakufa. Mashine hiyo angalau ilikuwa na pumzi fupi kuliko mpiga tarumbeta. Mwaka 1979 Waaustralia wawili, Peter Vogel na Kim Ryrie, wakaleta Fairlight, kompyuta iliyohifadhi sauti kwa namba na kuipiga kwa kimo chochote. Kati ya sauti zilizokuja nayo kulikuwa na kodi moja iliyonyofolewa kwenye The Firebird ya Stravinsky. Kodi hiyo ilisikika kwenye Planet Rock ya Afrika Bambaataa mwaka 1982, na baada ya hapo ikatapakaa kwenye muziki wa dansi wa muongo mzima. Okestra nzima, na ustadi wote wa Stravinsky, ikawa kishindo kimoja cha kushtua watu kwenye disko. Sijui kama kuna mfano ulio wazi zaidi wa kuwa na sauti ya okestra bila kuwa na okestra.

Kilichofuata kilikuwa suala la ghala. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo, kwa hiyo kila noti ilikatwa fupi na kuzungushwa, na sikio lilisikia mzunguko. Mwaka 1998 programu iitwayo GigaSampler ilianza kuzisoma sauti moja kwa moja kutoka kwenye diski, na tangu hapo kizuizi kikawa subira ya wanaorekodi. Mpiga selo wa Vienna, Herb Tucmandl, alianzisha Vienna Symphonic Library, mradi wa kurekodi kila ala noti kwa noti kwenye ukumbi uliojengwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2019 kampuni ya Spitfire Audio ikatoa maktaba ya okestra ya BBC, iliyorekodiwa katika studio ya Maida Vale, London. Toleo lake dogo kabisa lina ukubwa wa megabaiti 200 hivi, yaani bando la siku moja. Lile kubwa linahesabiwa kwa mamia ya gigabaiti, na hilo tuwaachie wenye fedha na umeme usiokatika.

Isisahaulike kwamba sauti hizo ni za watu. Mtu alikaa kwenye kiti London au Vienna, akashika noti moja kwa sauti ndogo, akairudia kwa sauti ya kati, akairudia kwa sauti kubwa, kisha akapanda noti inayofuata, kutwa nzima. Kipindi kilipoisha akafunga ala yake akaenda nyumbani. Sauti yake haijapumzika tangu siku hiyo.

Kati ya kinanda na kompyuta haipiti sauti bali taarifa. Lugha yake ni MIDI, iliyoonyeshwa hadharani Januari 1983 huko California, pale kinanda cha kampuni ya Dave Smith kilipounganishwa na cha Roland, kampuni ya Ikutaro Kakehashi, vikaelewana. Washindani wa kibiashara walikubaliana waya mmoja, jambo ambalo watengeneza chaja za simu walihitaji miongo kulifikia. MIDI husema: noti namba 60 imebonyezwa kwa nguvu ya 84, noti namba 60 imeachwa. Karibu kila kitu huhesabiwa kuanzia 0 hadi 127. Kwa piano inatosha kabisa, maana piano ikishagongwa, mpigaji hana tena la kuifanya noti ile ila kuiacha. Fidla na tarumbeta hazifanyi hivyo. Noti yao huzaliwa, hukua, huchoka na hufa mikononi au midomoni mwa mtu, na maisha hayo yote hayamo kwenye taarifa ya kubonyeza na kuachia.

Chukua noti moja ndefu ya pembe ya shaba, ile ala iliyojiviringa ambayo mpigaji huingiza mkono kwenye mdomo wa ala yenyewe. Sekunde nne, inaanza kwa utulivu, inavimba, inarudi chini. Ukiichora kwenye skrini na kubonyeza cheza, inalia kama friji: imewaka, imezimwa. Mwanafunzi hukimbilia kitelezi cha volumu. Anakipandisha taratibu na kukishusha, akidhani amemaliza, lakini alichopata ni pembe ya upole iliyosogezwa karibu na maikrofoni. Pembe halisi inapopulizwa kwa nguvu haiongezi ukubwa tu, inabadilika rangi. Ikipulizwa polepole ni ya mviringo, yenye giza kidogo; ikisukumwa inakwaruza, shaba inaanza kusikika. Watengenezaji wa maktaba wanalijua hilo, ndiyo maana walirekodi noti ileile kwa nguvu tofauti na kuzipanga tabaka. Kinachokupitisha kutoka tabaka moja hadi jingine si volumu, bali kidhibiti namba 1, yaani gurudumu dogo lililo kushoto mwa kinanda. Volumu ya ndani ya sentensi hushikwa na kidhibiti namba 11. Vyote viwili huendeshwa pamoja, kimoja kwa kila kidole, na noti inapigwa kwa mkono mwingine.

Bado haijatosha. Mstari wa kupanda na kushuka ukiuchora kwa rula, sikio linagundua rula. Mpuliza pembe hupanda taratibu, hufika kileleni akiwa amechelewa kidogo, kisha huanguka upesi kwa sababu mapafu yameshatoa yaliyomo. Noti yake huisha kabla ya mstari wa kipimo, maana lazima avute hewa kwa ajili ya inayofuata. Ukifanya hayo yote, sekunde nne zinaweza kula nusu saa, na kibao cha dakika tano kina noti maelfu. Wanaofanya kazi hii kwa ajili ya filamu hujifunza kurekodi gurudumu kwa mkono papo kwa papo badala ya kulichora, wakipumua pamoja na sentensi. Ukimwona mtu peke yake chumbani anavuta pumzi kabla ya kubonyeza kinanda cha umeme, usimcheke. Huyo ameshaelewa.

Muda nao una mitego yake. Fidla nyingi zikipiga kwa kuunganisha noti, sauti haianzi papo hapo. Upinde lazima uushike uzi. Sampuli, yaani rekodi za maktaba, zina ucheleweshaji huo ndani yake, kwa hiyo noti iliyowekwa sawasawa juu ya mstari wa kipimo husikika imechelewa, na noti fupi za kudonoa zilizoko pembeni yake husikika ziko sawa. Anayetoka kwenye studio za Bongo Fleva ana mazoea ya kunyoosha kila kitu kwenye gridi kwa amri moja, na kwenye biti mazoea hayo humsaidia. Kwenye okestra yanamponza mara mbili: fidla zinachelewa, na filimbi, klarineti na obo zinaingia kwa usahihi ambao watu watatu wenye mapafu matatu hawajawahi kuufikia. Kuna na adha ya noti inayorudiwa harakaharaka. Kama kompyuta inatumia rekodi moja kila mara, inatoka sauti ya bunduki. Maktaba nzuri huzungusha rekodi kadhaa za noti hiyohiyo, hata kasoro ndogo za mpigaji zikabadilika badilika. Watu walilipwa kurekodi kasoro zao, na ni sawa.

Uongo mkubwa zaidi uko kwenye idadi. Sauti iliyoandikwa fidla za kwanza huwa imerekodiwa na kundi, tuseme watu 16. Ukipiga kodi ya noti tatu kwa sauti hiyo, umeshaajiri fidla 48 bila kujua. Kundi halisi lingegawanyika: watano hapa, watano pale, sita kule, na kila mstari ungekuwa mwembamba. Kompyuta haigawi, inazidisha. Matokeo yake ni ule uzito wa jumla unaosikika kwenye matangazo mengi ya televisheni na trela za filamu, ambapo kila kitu ni kikubwa na hakuna kinachosikika. Mwanafunzi huudhani ni ukubwa wa okestra. Okestra ya kweli husikika kubwa kwa sababu muda mwingi wengi wao wamekaa kimya.

Hapa Rimsky-Korsakov anarudi kwa faida. Kitabu chake cha upangaji wa ala kilichapwa mwaka 1913, miaka mitano baada ya kifo chake, na kina kanuni ya hesabu ambayo mwenye kompyuta angeibandika ukutani. Katika kupiga kwa nguvu, tarumbeta moja ina uzito sawa na tromboni moja, na sawa na pembe mbili. Pembe moja nayo ni sawa na filimbi mbili, au obo mbili, au klarineti mbili. Katika kupiga kwa upole, ala za kupulizwa zote zinakaribiana. Kwa hiyo filimbi moja dhidi ya tarumbeta moja inayonguruma imeshashindwa kabla ya kuanza, hasa ikiwa chini kwenye sauti zake nene, ambako filimbi ni tamu lakini dhaifu. Kwenye skrini unaisogeza juu kwa kidole na inashinda. Inashinda kwa kudanganya, na siku utakapokabidhi karatasi kwa watu, ile ngazi yako ya kimuujiza haitakuwapo.

Nani kati yetu anaanza akiwa na mtaji? Si lazima awe prodyuza. Ningemweka mbele mwanakwaya. Kwaya za kanisa za Tanzania na Kenya zimelea watunzi wengi wanaoandika sauti nne kwa nota za sol-fa, ambao sikio lao linasikia ya pili inapogongana na ya tatu na besi inaporuka pasipo sababu. Mtu huyo akipewa fidla za kwanza, fidla za pili, viola na selo, tayari anajua kazi. Sauti zimehama kutoka kooni kwenda kwenye nyuzi, basi. Isitoshe, ameshakutana na kukataliwa, maana soprano wa Jumapili hawasiti kumwambia mwalimu kwamba pale juu hawafiki. Anachokosa ni mistari mitano, kwa kuwa okestra haisomi sol-fa, na rangi za ala. La kwanza linasomeka. Programu ya MuseScore ni ya bure na inampigia alichokiandika. Kwa la pili kuna nota za kazi za watunzi wa kale zilizokwisha kutoka kwenye hakimiliki. Mkusanyiko wa IMSLP umekuwa ukiziweka wazi tangu 2006. Chagua ukurasa mmoja wa Tchaikovsky, uingize kwenye kompyuta noti kwa noti, kisha sikiliza rekodi ya okestra halisi. Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo orodha ya masomo yako. Njia hii haina mvuto, na sijaona inayoishinda.

Pwani yetu imeshaliishi suala hili, ila halijaitwa kwa jina hilo. Taarabu ya Zanzibar ilikuwa na okestra yake kabla ya wengi kujua neno lenyewe: Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958, na jukwaa lao lilijaa fidla, udi, ganuni, akodiani, selo na dabalbesi kwa mtindo wa Misri. Miaka ya 1990 ikaja taarabu ya kisasa, ile iitwayo rusha roho, na vikundi kama East African Melody na TOT. Kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya safu nzima ya fidla, gitaa na besi zikaingia. Sababu zilikuwa za kawaida: kinanda kimoja kinaingia kwenye daladala, wapigaji wanane wa fidla wanahitaji daladala yao. Wazee walilalamika, na kuhusu ajira walikuwa na haki.

Hata hivyo wapiga vinanda wa rusha roho hawakukaa sana wakijifanya fidla. Sauti iliyotoka ni ya kinanda, kali, iliyonyooka, iliyotengenezwa kwa ajili ya kucheza na kutunza, na mashabiki waliipenda kwa hivyo ilivyo. Wameingia ukoo wa Carlos na Tomita pasipo kuomba uanachama. Pale ambapo kinanda hicho kinajaribu kuwa fidla ndipo kinapoonekana kimevaa nguo ya mtu. Mpiga fidla wa taarabu asilia hutelezesha kidole kufikia noti iliyo kati ya vitufe viwili vya piano, kwa sababu baadhi ya maqamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu, zina robo toni. Vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu ambavyo huteremsha noti hiyo kwa kitufe maalumu, lakini kitufe huiteremsha kila mara mahali palepale. Kidole cha mpigaji huiweka juu kidogo anapopanda, chini kidogo anaposhuka, na si mara mbili sawasawa.

Kwa hiyo mwanafunzi achague mapema anafanya lipi. Anaweza kutumia umeme kama umeme, asimwigize mtu. Au atumie kompyuta kama mazoezi ya kuandikia watu, akijua kwamba faili si kazi yenyewe. Katikati kuna njia ya tatu, ya kuigiza okestra ambayo haitakuja kupigwa, na huko ndiko kuliko na fedha nyingi: filamu, michezo ya kompyuta, matangazo. Siidharau. Inalisha watu. Naona tu kwamba walio hodari wa njia hiyo, karibu wote, waliwahi kukaa mbele ya wapigaji wa kweli.

Na wapigaji si wa kuagiza Ulaya. Kinshasa, Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste mwaka 1994 na watu waliopokezana fidla chache. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 inawaonyesha wakimpiga Beethoven. Nairobi kuna okestra ya siku nyingi, na vijana wa Ghetto Classics wa Korogocho wanaojifunza fidla na tarumbeta. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries, kinachofundisha udi na ganuni pamoja na fidla.

Mchapishie mmoja wao mstari wake wa selo, ukurasa mmoja, bila kumchezea ile faili. Muulize upinde anaugeuzia wapi, kidole gani kinakwama na wapi angependa kupumua, ingawa selo haipulizwi. Kuchapa ukurasa ni shilingi chache. Saa moja ya mpigaji ni zaidi ya hapo, na alipwe. Ningeitoa fedha hiyo kwanza, kabla ya kununua maktaba ya tatu.